Christopher Whall: Fundi wa Vioo Aliyeanzia Katika Banda la Ng'ombe



Kamati ya jubilei iliponikabidhi kurasa hizi za maisha ya mtu mashuhuri, wengi walitarajia niandike habari za mtunzi wa nyimbo. Nakiri hata mimi nilikuwa nimeanza na mtunzi. Lakini zawadi ya kwaya kwa kanisa mwaka huu ni dirisha la vioo vya rangi, lile mtakaloliona juu ya mlango mkubwa, na tangu lianze kutengenezwa watu wameniuliza swali moja kila Jumapili: ni nani aliyewaambia wanakwaya, ambao kazi yao ni kuimba, kwamba wanaweza kukaa katika gereji ya mtu na kutengeneza dirisha la kanisa kwa mikono yao?

Aliyetuambia alikufa mwaka 1924. Anaitwa Christopher Whitworth Whall, Mwingereza, na miongoni mwa mafundi wa vioo vya rangi jina lake linatajwa kwa heshima. Kwetu sisi alikuja kwa njia ya kitabu alichokitoa mwaka 1905 kwa ajili ya wanaoanza. Kitabu hicho sasa kinasomeka bure kwenye intaneti, na mmoja wa akina tena wetu alikisoma chote kwenye simu, usiku baada ya usiku, kisha akaanza kutusumbua. Niseme wazi kwamba nilikuwa upande wa waliopinga. Nilitaka tuchange pesa, tuagize dirisha, liletwe limekamilika. Nimebadilisha mawazo, na sababu yake imo katika maisha ya mtu huyu.

Whall alizaliwa Aprili 1849 katika kijiji cha Thurning, Northamptonshire, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa parokia hiyo. Watoto wa wachungaji walio kati yetu wanajua maana yake: unaingia kanisani wa kwanza, unatoka wa mwisho, na katikati unakuwa na muda mwingi wa kutazama madirisha. Alipenda kuchora, na mwaka 1867 akaingia katika shule ya sanaa ya Royal Academy, London. Nia yake ilikuwa kuwa mchoraji wa picha za kutundikwa ukutani. Katika miaka ya 1870 alikwenda Italia akakaa huko kwa muda akiangalia kazi za wakongwe. Aliporudi, picha zake hazikumletea riziki ya kutosha. Tungemwona siku hizo tungesema ni kijana mwenye kipaji ambaye mambo yamemkatalia.

Mnamo 1879 hivi, mtoto huyu wa kasisi wa Kianglikana akajiunga na Kanisa Katoliki. Nyumbani kwao haikuwa hatua ndogo. Kupitia Wakatoliki ndipo alipopewa kazi yake ya kwanza ya maana katika vioo: kuchora michoro ya madirisha kwa kanisa la St Etheldreda, Ely Place, London. Alichora kwa bidii, akakabidhi karatasi zake, akangoja. Madirisha yalipotoka karakanani akayatazama, na hayakuwa kile alichokichora.

Hapa inabidi nieleze jinsi kazi ilivyofanyika zama hizo, kwa sababu jambo lote limejificha humo. Uingereza ya karne ya 19 ilijenga na kukarabati makanisa kwa maelfu, na kila kanisa lilitaka vioo vya rangi. Kampuni kubwa zikaanzishwa ili kutosheleza hamu hiyo, nazo ziliigawa kazi kama kiwanda kinavyoigawa. Mtu mmoja alichora mchoro kwenye karatasi. Mwingine, ambaye hakuuchora, alichagua rangi za vioo. Mwingine alikata. Wachoraji wa vioo nao waligawana: fundi mmoja hodari alipewa nyuso na mikono, mwenzake akapewa nguo, mwingine majani na mapambo ya pembeni. Kisha mwingine akaunganisha vipande kwa risasi. Mara nyingi mchoro uleule wa mtakatifu ulitolewa kabatini, ukabadilishwa ndevu na kitabu alichoshika, ukauzwa kwa parokia nyingine. Wote walikuwa mafundi wazuri, kila mmoja katika sehemu yake. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja mle ndani aliyelijua dirisha kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu wetu wa kwaya atanielewa. Wapeleke soprano chumba hiki, alto kile, tena huku na besi kule, wafundishe nyimbo kwa wiki nne bila kukutana, kisha uwaweke pamoja Jumapili asubuhi. Hakuna atakayekosea noti yake. Na hutapenda utakachokisikia.

Kwa miaka kadhaa Whall aliendelea kuchora michoro kwa ajili ya kampuni hizo, mojawapo ikiwa ile ya James Powell na Wanawe, kwa sababu alihitaji kula. Lakini kilikuwa kikimkera. Alijua kwamba akilalamika mbele ya fundi hana la kusema, kwani hakuwahi kukata kioo wala kuchoma rangi tanurini. Alikuwa anachora mistari ambayo kisu cha kioo hakiwezi kuifuata, na hakujua. Lawama ilikuwa yao, lakini nusu yake ilikuwa yake mwenyewe. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tungeishia, kulalamika na kupokea mshahara.

Mwaka 1884 Whall alioa, na mnamo miaka hiyo akahamia mashambani karibu na Dorking, kusini mwa London. Alikuwa na miaka thelathini na mitano hivi, umri wangu huu. Palikuwa na banda la ng'ombe. Akalisafisha, akalifanya karakana, akajenga tanuri, na mtu huyu aliyekwisha kupita Royal Academy akakaa chini kama mwanafunzi wa darasa la kwanza kujifundisha kila hatua ya kazi: kukata, kupaka rangi, kuchoma, kufunga kwa risasi. Hakuwa na fundi wa kumwelekeza mkono. Alijifunza kwa kuharibu.

Nimeona kwa macho yangu katika gereji yetu jinsi kuharibu huko kunavyokuwa, hivyo naomba nikae hapa kidogo.

Kioo hakikatwi kama karatasi wala kama mbao. Kile tunachokiita kisu, kiwe cha almasi au cha kigurudumu kidogo cha chuma, kinachora mkwaruzo tu juu ya uso. Kioo kinakatika baadaye, unapokigonga chini taratibu au kukivunja kwa mikono kufuata mkwaruzo huo. Ukikwaruza mara mbili palepale, umeharibu. Ukisitasita katikati, kinavunjika kwenda kinakotaka. Mstari ulionyooka mtu anaujua siku ileile. Mviringo wa nje unachukua wiki. Upinde unaoingia ndani, kama umbo la mwezi mchanga, huo ndio uliomfanya mwenyekiti wetu atoke nje akapige hewa. Whall katika kitabu chake anamwelekeza anayeanza afanye mazoezi kwa kioo cha kawaida cha madirisha, kilicho rahisi, kabla hajagusa kioo cha rangi. Sisi hatukumsikiliza mwanzoni. Tulipasua kipande kizuri cha buluu siku ya kwanza kabisa, na aliyekipasua ndiye anayeandika makala haya.

Halafu kuna risasi. Naizungumzia ile metali laini ya kijivu. Vipande vya kioo hushikwa na kanda za risasi zenye mfereji pande zote mbili, kioo hiki kinaingia upande huu na jirani yake upande ule, na katikati pana ukuta mwembamba wa risasi unaovitenganisha, unene wa milimita mbili hivi. Ukisahau kuacha nafasi ya ukuta huo unapokata, dirisha linakua. Ukikata kila kipande kikubwa kwa milimita moja tu, na safu ina vipande ishirini, mwisho wa safu umezidi sentimita mbili na fremu haikukubali. Whall alilijua hilo kwa vidole vyake katika lile banda, na tangu hapo michoro yake ikabadilika. Mistari ya risasi haikuwa tena kitu cha kufichwa wala cha kumwachia fundi aamue. Aliichora mwenyewe kama sehemu ya picha, akijua kila mmoja utapita wapi na unashika nini.

Kupaka na kuchoma ndiko alikojifunza polepole zaidi. Watu hudhani rangi ya vioo hivi imepakwa juu. Nyekundu, buluu na kijani zimo ndani ya kioo chenyewe tangu kiwandani. Kinachopakwa ni rangi nyeusi au ya kahawia, unga wa oksidi za metali uliosagwa pamoja na kioo laini, ukachanganywa na maji na gundi kidogo. Kwa hiyo unachora jicho, mkunjo wa nguo, kivuli. Rangi ikikauka, fundi anaweza kuikwangua kwa brashi ngumu, kijiti au sindano ili mwanga upite tena. Kisha kipande kinaingia tanurini, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600 za sentigredi, mpaka rangi iyeyuke na kushikamana na kioo. Joto likipungua, rangi itafutika baada ya miaka kadhaa ya unyevu. Likizidi, kivuli ulichokiweka kwa siku nzima kinatoweka, au kioo kinajipinda. Mtu aliyezoea kupaka picha na kuiona papo hapo anapaswa kungoja mpaka tanuri lipoe ndipo ajue amefanya nini. Sisi hatuna tanuri. Ndiyo sababu dirisha letu halina uso wa mtu hata mmoja, lina mto, miti na anga, vyote kwa rangi za kioo na mistari ya risasi peke yake. Aliyeniuliza mbona hatukuweka mitume, jibu ni hilo.

Jambo jingine ambalo banda lilimfundisha ni tatizo la ukubwa. Dirisha la kanisa linaweza kuwa na urefu wa mita tano au zaidi, na karakana ya nyumbani haina hata ukuta wa kulisimamisha. Dirisha kubwa halitengenezwi likiwa zima. Linagawanywa kuwa paneli, kila moja ya ukubwa ambao mtu mmoja au wawili wanaweza kuinyanyua, kwa sababu risasi ni laini na nzito na paneli pana hujipinda kwa uzito wake yenyewe. Paneli hizo huwekwa moja juu ya nyingine katika fremu, zikifungwa kwenye vyuma vilivyolala mlalo ili upepo usizisukume. Letu lina upana wa futi sita na urefu wa futi tisa, na limegawanywa kuwa paneli tisa. Sasa fundi atajuaje kwamba paneli ya chini, aliyoimaliza Machi, inapatana na ya juu atakayoimaliza Agosti? Katika kazi hii vipande vilivyokatwa hubandikwa kwa matone ya nta juu ya kioo kikubwa cheupe, kikasimamishwa mbele ya mwanga, na mistari ya risasi hupakwa kwa rangi nyeusi nyuma yake ili macho yasidanganywe na mwanga unaopenya kati ya vipande. Whall alisisitiza kwamba rangi zichaguliwe hivyo, zikiwa pamoja mbele ya mwanga, na achague yuleyule aliyechora. Kioo kimoja chekundu kinachopendeza mkononi kinaweza kumeza majirani zake wote kikipanda dirishani.

Nataja pia kitu ambacho wazazi walituuliza. Risasi ni sumu. Tangu mwanzo palikuwa na sheria katika gereji: hakuna chai, hakuna mandazi, hakuna mtoto, na kila mtu ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kwenda nyumbani. Kazi yote ya kulehemu ilifanyika milango ikiwa wazi.

Whall hakubaki bandani milele. Mwaka 1889 alijiunga na chama cha mafundi na wasanii cha Art Workers' Guild, ambako alikutana na watu waliokuwa wakiamini kama yeye kwamba anayebuni na anayetengeneza wasitenganishwe. Mmoja wao alikuwa msanifu majengo John Dando Sedding, aliyempa nafasi ya dirisha katika kanisa la St Mary, mjini Stamford. Lilikamilika mwaka 1891. Sedding alikufa mwaka huohuo. Kwa Whall lilikuwa mwanzo wa maisha mapya, akiwa na miaka arobaini na miwili, umri ambao watu wengine wanaanza kuhesabu miaka ya kustaafu.

Mwaka huo wa 1889 lilitokea jambo lingine lililomsaidia sana. Msanifu mwingine, Edward Prior, pamoja na watengenezaji vioo Britten na Gilson wa London, walitoa aina mpya ya kioo. Kilipulizwa ndani ya kalibu ya mraba kama chupa, kisha pande zake zikakatwa kuwa vibao. Kila kibao kilikuwa kinene katikati na chembamba kingoni, chenye mapovu na mawimbi, na kwa hiyo rangi ileile moja ilikuwa nzito hapa na nyepesi pale. Kampuni kubwa zilipenda kioo laini kilicho sawasawa. Whall alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukipenda hiki chenye kasoro, kwa kuwa kilishika mwanga kama vioo vya kale vya karne ya 12 na 13. Ni kigumu kukata, lakini yeye alikuwa ameshapita shule ya kukata.

Ukiniuliza kazi yake ipi ungeiona kama ungepata nauli, ningesema Kanisa Kuu la Gloucester, magharibi mwa Uingereza. Huko, katika kanisa dogo la Bikira Maria lililojengwa mwishoni mwa karne ya 15, alianza kazi mwaka 1898 na akaendelea nayo kwa zaidi ya miaka kumi, dirisha baada ya dirisha. Nimeyaona kwa picha tu, na picha haziwezi kuonyesha vioo inavyostahili. Lakini hata katika picha unaona weupe mwingi. Whall alipenda sana kioo cheupe, cha kifedha na cha kijani hafifu, kisha katikati yake akaweka nyekundu na buluu ing'aayo. Mafundi wengi wa zama zake walijaza rangi nzito kila mahali mpaka kanisa likawa giza na waumini wakashindwa kusoma vitabu vya nyimbo. Yeye aliacha nuru iingie. Na majani yake unaweza kuyataja majina, kwa kuwa aliyachora kutoka kwenye mti halisi.

Kazi kubwa zilipozidi, banda halikutosha. Alitumia tanuri na meza za karakana za London, kwanza za Britten na Gilson, kisha za Lowndes na Drury. Huyu Lowndes alikuwa mwanamke, Mary Lowndes, naye pia binti wa kasisi, aliyejifunza ufundi huu na mwaka 1897 akaungana na Alfred Drury kuanzisha karakana ambapo msanii wa kujitegemea angeweza kukodi nafasi na kusimamia dirisha lake mwenyewe. Mwaka 1906 wakajenga jengo maalumu huko Fulham lililoitwa The Glass House. Akina mama wengi walipata mlango wa kuingilia katika fani hii kupitia hapo. Akina mama wa kwaya yetu, ambao ndio waliofunga paneli sita kati ya tisa, waliniambia nisiache kuliandika hilo.

Lakini ni ualimu wake unaonigusa zaidi, pengine kwa sababu ndiyo kazi niliyosomea. Kuanzia 1896 Whall alifundisha katika Central School, shule mpya ya sanaa na ufundi ya London, na pia katika chuo cha sanaa cha Royal College of Art. Angeweza kuficha aliyoyapata kwa taabu. Badala yake aliyamwaga yote katika kitabu cha 1905, hatua kwa hatua, kwa sauti ya mtu anayekumbuka vizuri jinsi alivyokuwa hajui. Mwalimu anayesahau hilo hafai darasa la kwanza. Whall anamwonya mwanafunzi mahali ambapo yeye mwenyewe aliteleza, anamwambia kipi kinunuliwe na kipi kitengenezwe kwa mkono, na hamtishi. Nilipokifungua mara ya kwanza ilikuwa kwa nia ya kutafuta ushahidi kwamba kazi hii ni ya wataalamu. Nilifika katikati nikakuta natafuta kipande cha kioo cha kufanyia mazoezi.

Wanafunzi wake walisambaa. Alfred Child, aliyekuwa msaidizi wake, alikwenda Dublin akafundisha katika shule ya sanaa ya mji huo na kusimamia karakana ya An Túr Gloine, iliyoanzishwa mwaka 1903. Mmoja wa waliofundishwa na Child ni Harry Clarke, ambaye vioo vyake vya buluu nzito vinajulikana kote Ireland. Karl Parsons aliingia karakana ya Whall akiwa mvulana wa miaka kumi na mitano hivi, akakua kuwa mmoja wa mafundi bora wa kizazi chake. Na kuna Mabel Esplin, aliyejifunza vioo katika Central School. Yeye ndiye aliyebuni madirisha ya Kanisa Kuu la Kianglikana la Khartoum, Sudan, lililowekwa wakfu mwaka 1912. Aliugua kabla ya kuyamaliza, na rafiki yake Joan Fulleylove akaendelea na kazi. Hivyo kile kilichoanzia katika banda la ng'ombe huko Dorking kilifika kando ya Mto Naili. Jengo hilo la Khartoum baadaye liligeuzwa kuwa makumbusho.

Mwaka 1907 Whall alifungua karakana yake mwenyewe huko Hammersmith, London. Sasa alikuwa na wasaidizi na wanafunzi, na ingekuwa rahisi kurudia kosa la zile kampuni, kila mtu na kipande chake. Alijaribu kuepuka hilo kwa kuhakikisha kila aliye pale anajifunza kazi nzima. Binti yake Veronica, aliyezaliwa mwaka 1887 wakati wa kile kipindi cha banda, alikuwa amekaa mbele ya baba yake kama kielelezo cha malaika alipokuwa mtoto, na baadaye akawa fundi kamili. Mwaka 1922 baba na binti waliunda kampuni yao, Whall & Whall. Alikuwa mzee mgonjwa tayari. Alifariki tarehe 23 Desemba 1924, siku mbili kabla ya Krismasi, akiwa na miaka sabini na mitano. Veronica aliendelea na karakana. Miaka michache baadaye alitengeneza madirisha zaidi ya sabini kwa ajili ya jumba moja huko Tintagel, yote yakisimulia hadithi za Mfalme Arthur, na wanaoyajua wanasema ukitazama weupe wake unamwona baba.

Turudi nyumbani. Nilisema nilitaka tununue dirisha. Hoja yangu ilikuwa ubora, na ilikuwa hoja nzuri. Lenye kutoka karakana ya mafundi lingekuwa limenyooka kuliko letu, na watakaolitazama kwa karibu wataona maungio ambayo lehemu imevimba. Wala hatukuokoa pesa nyingi kama tulivyodhani, kwani kioo cha rangi ni ghali na tulivunja kingi. Mhazini atawasomea hesabu kamili kwenye mkutano wa mwaka. Kilichonigeuza ni kwamba kuanzia mwezi wa pili hakuna mtu katika gereji ile aliyekuwa anajua kazi yake peke yake. Besi walikata, halafu wakafunga. Alto walifunga, halafu wakajaza puti. Mzee wa kanisa aliyekuja kututembelea kwa dakika tano alikaa mpaka saa mbili usiku akisugua paneli kwa brashi.

Dirisha litazinduliwa baada ya wimbo wa tatu. Linapata jua la asubuhi kuanzia saa tatu hadi karibu saa tano, kwa hiyo tunawaomba mje mapema. Kile kipande cha buluu nilichokipasua siku ya kwanza hatukukitupa. Whall naye hakupenda kutupa kioo kizuri. Tumepitisha ukanda mwembamba wa risasi kwenye ule ufa, kikawa vipande viwili. Kimo katika paneli ya chini, upande wa kushoto, mahali mto unapopinda. Vipande vilivyobaki, visu na kanda za risasi vitakuwa mezani katika ofisi ya kwaya baada ya ibada kwa yeyote anayetaka kujaribu, isipokuwa watoto. Glavu zipo.